Mwongozo wa kufanya utafiti wa chuo Mtwara na Lindi: darasani, ngomani na ghalani

Mwanafunzi wa elimu anapima usomaji wa watoto Tandahimba. Wa sanaa anarekodi ngoma Newala. Wa uhandisi anafunga vihisi vya unyevu kwenye ghala la korosho Nachingwea. Wote watatu wataandika neno "utafiti" kwenye jalada la tasnifu, ilhali kazi zao hazifanani hata kidogo: wa kwanza atarudi na namba, wa pili na sauti, wa tatu na kifaa. Wanakutana sehemu moja tu. Kalenda ya Kusini haimsubiri hata mmoja wao, na tafiti nyingi huku huharibika kwa sababu ratiba ilipangwa chuoni bila kuuliza mwezi huo watu watakuwa wapi.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na dodoso.

Kalenda kwanza

Chukua karatasi, andika miezi kumi na miwili, kisha jaza mambo manne: mvua, korosho, mitihani, jando na unyago.

Mvua huku ni msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati mwingine inagusa Mei. Barabara za vumbi za kwenda vijiji vya Liwale au bonde la Ruvuma hugeuka tope, na hata lami si dhamana: Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga, Kilwa. Kazi ya siku kumi katika miezi hiyo ipangie kumi na nne.

Mikorosho huchanua takriban Juni hadi Septemba, na hapo ndipo wakulima wanapuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mkorosho. Kuokota na minada huja Oktoba hadi Desemba, pengine Januari. Katika kuokota, familia nyingi huhamia mashambani na watoto huenda nao. Ukipima mahudhurio ya wanafunzi mwezi Novemba peke yake, umepima korosho, hujapima shule. Na ukimuuliza mkulima kilo na mapato wakati wa mnada, atadhani umetumwa na watu wa ushuru au unawasaka wanunuzi wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kinyemela nje ya mnada. Atakupa namba, lakini namba hiyo haitakufaa. Maswali ya fedha yaulize Mei au Juni, malipo yakishatulia na njia zikianza kukauka.

Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba, na mitihani ya darasa la nne na kidato cha pili nayo iko miezi ya mwisho wa mwaka. Likizo kubwa ni Juni na Desemba, na sherehe nyingi za jando na unyago hupangwa likizoni ili watoto wasikose masomo. Mwezi ambao mtu wa elimu anaukimbia ndio ambao mtu wa sanaa anautafuta.

Ukishajaza utaona nafasi halisi. Kwa shule ni Februari na Machi (ukivumilia mvua), au katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti. Kwa ngoma ni Juni. Kwa kifaa cha ghalani ni Oktoba hadi Januari, na hapo huna hiari, kwa kuwa korosho ndiyo inayoamua.

Kulikata swali

Jiulize: mwisho wa kazi nitakuwa nimeshika nini mkononi? Kama jibu ni "uelewa", swali bado bichi.

"Mchango wa lugha ya mama katika ufaulu" ni kichwa cha kongamano. Kikate hivi: je, watoto wa darasa la pili wanaozungumza Kimakonde nyumbani husoma maneno machache kwa dakika kuliko wenzao wanaozungumza Kiswahili nyumbani, katika kata tatu za Newala? Sasa unajua unapima nini, kwa nani, wapi, na unalinganisha na nini. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Neno "athari" kwenye kichwa ni deni: bila kundi la kulinganisha, au kipimo cha kabla na baada, hutalilipa.

Vibali

Barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kutoka hapo unapewa barua ya wilaya na halmashauri, kisha unashuka kwa Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji na mwenyekiti wa kijiji. Kazi ya shuleni hupitia pia Afisa Elimu wa halmashauri, msingi au sekondari, na Afisa Elimu Kata, kabla ya kumwona mwalimu mkuu. Mtafiti anayetoka nje ya nchi anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Utafiti wa afya unaogusa watu unahitaji idhini ya maadili, na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ndiyo yenye kamati ya taifa. Kufukua kitu cha kale kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kigae cha chungu unachokiona kimelala mchangani Kilwa Kisiwani, eneo lililo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, kipige picha ukiache hapohapo. Na ukikusanya majina, namba za simu au picha za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu.

Kosa linalogharimu siku nyingi ni dogo mno: jina la halmashauri. Newala kuna ya Mji na ya Wilaya, Masasi vilevile, Mtwara kuna Manispaa na Wilaya, na Nanyamba ni Mji wenye halmashauri yake. Iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Lindi sasa inaitwa Mtama. Barua ikiandikwa "Newala" tupu utarudishwa. Tafuta kata zako ziko halmashauri ipi kabla barua haijachapwa, tembea na nakala zisizopungua nane, na tenga wiki tatu.

Utafiti wa elimu: namba zinapodanganya

Kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli inapendwa vyuoni kwa sababu ni fupi: n = N ÷ (1 + Ne²), ambapo n ni sampuli, N ni idadi ya wote na e ni kosa unalolivumilia. Kwa wanafunzi 400 na kosa la 0.05 unapata 400 ÷ (1 + 400 × 0.0025), yaani 200. Hesabu ni sahihi, ila kanuni inachukulia kwamba kila mtoto amechaguliwa peke yake kwa bahati nasibu kutoka orodha moja. Wewe hufanyi hivyo. Unachagua shule kwanza, kisha watoto ndani yake, na watoto wa shule moja hufanana kwa kuwa mwalimu ni mmoja, vitabu ni vilevile, na njaa ya saa nne ni ileile.

Mfanano huo hupunguza uzito wa sampuli. Kigawanyo chake ni 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni idadi ya watoto kwa kila shule na r ni kiwango cha kufanana. Chukua r ya 0.2 kwa mfano. Shule 10 zenye watoto 20 kila moja: 1 + 19 × 0.2 = 4.8, hivyo watoto wako 200 wana uzito wa kama 42. Shule 20 zenye watoto 10: 1 + 9 × 0.2 = 2.8, uzito unapanda hadi 71. Watoto ni walewale 200, lakini shule nyingi zenye watoto wachache zinakupa taarifa zaidi. Bodaboda itakula fedha nyingi zaidi, ni kweli. Afadhali fedha hiyo kuliko kufika mbele ya jopo na sampuli yenye uzito wa watu 42.

Darasani usimwachie mwalimu akuchagulie watoto. Hatakuwa na nia mbaya, ila atakuletea wanaojibu, kwani jina la shule liko mezani. Omba rejesta. Darasa la watoto 60 nawe unataka 10: chagua namba moja kati ya 1 na 6 kwa kura ya vikaratasi, anzia hapo, kisha kila wa sita. Asiyekuwepo mwandike "hayupo" na usimbadilishe na jirani yake, maana kutokuwepo nako ni data.

Kupima usomaji: kifungu kimoja cha maneno 50 hadi 60, saa ya simu sekunde 60, mtoto anasoma kwa sauti, wewe unafuata kwenye nakala yako na kupiga mkwaju kwenye kila neno lililokosewa. Akishindwa mstari wote wa kwanza, simama na umshukuru. Wapimaji wawili wawasikilize watoto 20 wa majaribio pamoja bila kuoneshana karatasi, kisha walinganishe. Wakitofautiana maneno zaidi ya mawili matatu kwa mtoto mmoja, tatizo mara nyingi ni lafudhi. Mtoto anayezungumza Kimakonde nyumbani akitamka neno kwa sauti ya kwao lakini amelisoma, je, amekosea? Amueni kabla, andikeni, na msibadilishe katikati ya kazi.

Dodoso lililoandikwa Kiingereza litafsiriwe na mtu mmoja, kisha mwingine asiyeliona la awali alirudishe Kiingereza, na mlinganishe. Maswali yenye "kubaliana sana, kubaliana, sina hakika" huwachosha watu wazima vijijini, nao hujibu "ndiyo" kwa heshima. Uliza jambo lililotendeka: "Wiki iliyopita mtoto alikosa shule siku ngapi?" Lijaribu kwa watu 20 hadi 30 wa kijiji ambacho hakimo kwenye sampuli. Likizidi dakika 25, kata.

Mtoto anahitaji ridhaa ya mzazi na kukubali kwake mwenyewe. Fomu isomwe kwa sauti mbele ya shahidi. Baadhi ya wazee hawapendi kuweka dole gumba kwenye karatasi wasiyoisoma, na wana haki. Ridhaa iliyorekodiwa kwa sauti inatosha, mradi kamati yako ya maadili iliikubali tangu mwanzo.

Sanaa: likumbi si jukwaa

Hapa mtafiti aliyezoea dodoso huanguka vibaya zaidi. Likumbi (kambi ya jando la wavulana) na chiputu (unyago wa wasichana) vina sehemu za hadharani na sehemu za siri, na anayejua mpaka uko wapi ni walezi wao, si mwenyekiti wa kijiji. Kibali cha serikali kinakuingiza kijijini, hakikuingizi likumbini. Mtafiti mwanamume haingii unyagoni. Hata msaidizi wa kike huulizwa kama yeye mwenyewe amepitia.

Omba ridhaa tatu, kila moja peke yake: kurekodi, kutumia kwenye tasnifu, na kuweka intaneti. Wengi watakubali mbili za kwanza na kukataa ya tatu. Andika majibu jina kwa jina. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi, kwa hiyo video ya ngoma ya watu si mali yako kwa kuwa kamera ni yako.

Kwa kurekodi, weka kinasa sauti kwenye muundo wa faili wa WAV, kilohezi 48, biti 24. Saa moja ya stereo hula takriban gigabaiti 1, hivyo kadi ya 32 inakutosha usiku mzima. Kilele cha sauti kisizidi −12 dB wakati wa majaribio, kwa sababu wapigaji wakichangamka ngoma hupanda ghafla, na sauti iliyopasuka haitengenezeki. Simama mita 3 hadi 5 kutoka kwenye ngoma, upande ambao upepo hautoki, na maikrofoni ivae sponji au manyoya. Kwenye uwanda wa Makonde na pwani ya Mikindani upepo wa kusi huharibu rekodi kuliko kelele za watu. Betri za akiba ni seti mbili. Ukishabonyeza kitufe, tamka tarehe, kijiji na jina la ngoma. Hiyo ni lebo isiyopotea hata jina la faili likibadilika.

Kuandika yaliyomo huchukua muda kuliko unavyodhani. Saa moja ya mahojiano ya Kiswahili ni saa tano au sita za kuandika. Ya Kimakonde, pamoja na tafsiri, ihesabie mara mbili. Kimakonde ni lugha ya toni na Kiswahili sicho, kwa hiyo maandishi ya kawaida yatakupotezea kitu. Andika na mzungumzaji wa kijiji hichohicho, si Mmakonde yeyote uliyempata mjini. Programu ya ELAN ni ya bure na hufungamanisha kila sentensi na sekunde yake kwenye sauti.

Wanaotafiti uchongaji nao wabebe mizani. Mpingo wa kweli huzama majini, densiti yake (uzito kwa ujazo) ikiwa takriban gramu 1.2 kwa mililita. Kinyago kinachouzwa kama mpingo lakini ni mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu hujulikana hivi: kipime uzito, kizamishe kwenye ndoo iliyojaa hadi mdomo, pima maji yaliyomwagika, kisha gawanya. Gramu 600 kwa mililita 500 ni 1.2, huo ni mpingo. Gramu 600 kwa mililita 850 ni 0.7, umeuziwa rangi. Omba ruhusa ya mwenye kinyago kabla ya kukizamisha. Kwa lipiko (kinyago cha kuvaa) la kuchezea ngoma, lenye nywele na nta, usijaribu kabisa.

Teknolojia: kifaa kikifika ghalani

Kifaa kinachofanya kazi mezani chuoni kina maadui watatu huku: chumvi ya hewa ya pwani, umeme, na mtu asiyeambiwa ni cha nini.

Chukua mfano wa kihisi cha unyevu kwenye ghala la korosho. Korosho ghafi iliyokaushwa vizuri huwa na unyevu wa takriban asilimia 8 hadi 10. Ikizidi inaota ukungu na daraja linashuka. Kihisi chako kinapima hewa, hakipimi korosho, kwa hiyo unahitaji kipimo cha kulinganishia. Ponda sampuli (vaa glovu, maji ya ganda yanaunguza ngozi), pima gramu 10.0, kausha kwenye tanuri la nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, pima tena. Ikibaki 9.1, unyevu ulikuwa asilimia 9. Rudia mara tatu kwa kila gunia.

Kusahihisha kihisi chenyewe ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito, iweke ndani ya kopo linalofunga vizuri pamoja na kihisi, visigusane. Baada ya saa 12 kwenye nyuzi 25 hewa ya kopo huwa na unyevu wa takriban asilimia 75. Kihisi kikisoma 81, una kosa la 6. Liandike, na rudia kila mwezi, maana chumvi ya bahari itakisogeza.

Umeme ukokotoe kabla ya kununua. Kifaa kinachokula wati 0.4 muda wote kinahitaji wati-saa 9.6 kwa siku. Siku tatu za mawingu ni 28.8. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7 ina 84, lakini usiishushe chini ya nusu, basi una 42, inatosha. Paneli: 9.6 ÷ (saa 4 za jua × 0.7 ya ufanisi) ni wati 3.4. Nunua ya 10, vumbi la Julai litakula nyingine.

Vihisi viweke sehemu tatu: karibu na mlango, katikati ya rundo, na gunia la chini kabisa juu ya chaga, ambako unyevu wa sakafu hupanda. Kusoma kila dakika 15 ni mara 96 kwa siku. Hifadhi kwenye memori kadi hata kama unatuma kwa mtandao. Hitilafu isiyoonekana haraka ni saa ya kifaa: umeme ukikatika inarudi 1970 au 2000, na data ya wiki mbili inapoteza tarehe. Weka betri ndogo ya saa.

Wanaofundisha kompyuta kutambua ubwiri unga kwa picha za maua ya mkorosho wana mtego wao. Usigawe picha ovyo kati ya kufundishia na kupimia. Picha kumi za mti mmoja zikigawanyika pande zote mbili, programu inaukumbuka mti, haijajifunza ugonjwa. Gawa kwa shamba: mashamba ya kupimia yasionekane kabisa wakati wa kufundisha. Na kama picha 90 kati ya 100 ni za maua mazima, programu inayosema "zima" kila mara inapata asilimia 90 bila kujua chochote. Ripoti kati ya maua yaliyougua imeyakamata mangapi. Kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kimefanya kazi ya korosho kwa miongo mingi. Omba mtaalamu athibitishe lebo za picha zako, kwani lebo ya mwanafunzi wa kompyuta peke yake haina nguvu mbele ya mtahini wa kilimo.

Kisha kaa na mtunza ghala. Mpe kifaa, nyamaza, mtazame. Anapokwama ndipo penye kasoro ya kifaa, na watu sita tu wanatosha kukuonesha karibu kasoro zote kubwa.

Kutunza na kurudisha

Nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa mbali na nyumba unayolala. Jina la faili lianze na tarehe kwa mtindo wa 2025-06-14 ili zijipange zenyewe. Orodha ya majina ya watafitiwa ikae faili la peke yake lenye nywila, na dodoso zibebe namba tu.

Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi, ilibebwa vichwani hadi bandarini na kupelekwa Berlin, iliko hadi leo. Wazee huku wanaijua habari hiyo, na mtafiti mgeni huulizwa mapema: utaturudishia nini? Jibu liwe kwenye bajeti tangu andiko la utafiti. Kwa shule, ukurasa mmoja wa matokeo kwa Kiswahili, ukiwa na wastani wa shule zote na bila kuitaja iliyoshika mkia. Kwa ghala, kifaa chenyewe au jedwali la unyevu la kubandika ukutani. Kwa ngoma, rekodi ziwe MP3 kwenye memori kadi mbili, moja kwa mlezi wa ngoma na moja ofisi ya kijiji. WAV ya biti 24 uliyorekodi haifunguki kwenye simu nyingi za vitufe, na kadi isiyofunguka itaishia kufutwa na kujazwa taarabu.